Je, Wajua? Mashujaa wa Ireland Waliohamia Kwenye Gemu, Katuni na Filamu

Je, wajua kwamba shujaa mkuu wa visasili vya Ireland alipata jina kwa kuua mbwa wa watu? Alizaliwa akiitwa Sétanta. Siku moja alichelewa karamu nyumbani kwa Culann, mhunzi, na mwenye nyumba alikuwa amekwisha kumfungulia mbwa wake mkali alinde boma. Mtoto hakuwa na silaha. Alikuwa na gongo na mpira wake wa kuchezea tu. Kwa mujibu wa simulizi moja, aliupiga ule mpira ukaingia kinywani mwa mbwa na kutokea upande wa pili. Culann akalia kwamba sasa mifugo yake haina mlinzi. Mtoto akajitolea kulinda yeye mwenyewe mpaka apatikane mtoto wa mbwa wa kukuzwa. Tangu siku hiyo akaitwa Cú Chulainn, yaani Mbwa wa Culann.

Kijana aliyecheza gemu ya Kijapani ya Fate/stay night, iliyotoka mwaka 2004, anamjua vizuri bila kujua kwamba anamjua: ndiye Lancer, yule jamaa wa nywele za buluu na mkuki mwekundu.

Je, wajua kwamba mkuki huo, Gáe Bulg, haukurushwa kwa mkono? Katika utenzi wa nathari uitwao Táin Bó Cúailnge, yaani uvamizi wa kuteka ng'ombe wa Cúailnge, Cú Chulainn anaupokea majini kijitoni na kuurusha kwa vidole vya mguu. Ukishaingia mwilini unafunguka miiba ndani kwa ndani, na hautoki mpaka nyama ikatwe. Simulizi za baadaye zinasema ulichongwa kwa mfupa wa dubwana mmoja wa baharini. Watunzi wa Fate walijiuliza: silaha isiyokosa inafanyaje kazi? Wakajibu kwamba mkuki wao unageuza mpangilio wa mambo. Moyo unatobolewa kwanza, ndipo mkuki unarushwa. Mimi naona jibu hilo lina akili. Hawakunakili miiba, walinakili hofu.

Kwa nini hofu? Kwa sababu wawili kati ya waliouawa na mkuki ule walikuwa Ferdiad, rafiki aliyesoma naye vita, na Connla, mwanawe wa kumzaa.

Je, wajua kwamba Cú Chulainn akipandwa na hasira aligeuka kitu ambacho hata wenzake walikikimbia? Jicho moja lilizama ndani ya fuvu, jingine likamtoka likaning'inia shavuni. Miguu iligeuka visigino vikawa mbele, mdomo ukachanika mpaka koo likaonekana. Hakumtambua rafiki wala adui. Mshairi Thomas Kinsella aliifasiri Táin kwa Kiingereza mwaka 1969, na istilahi aliyoibuni kwa hali hiyo ilichukuliwa na Pat Mills na Angela Kincaid walipomleta shujaa wao Sláine kwenye jarida la vibonzo la Uingereza, 2000 AD, mwaka 1983. Sláine naye anavimba, anapinda, anageuka dubwana. Wachoraji wengi wa mashujaa wenye hasira huwaongezea misuli wakaishia hapo. Watawa wa Ireland walikuwa wakali zaidi.

Ndiyo, watawa. Je, wajua kwamba hadithi hizi za miungu na wachawi ziliandikwa na Wakristo? Kitabu cha kale zaidi kilichobaki chenye Táin, kiitwacho Lebor na hUidre, kiliandikwa karibu na mwaka 1100 katika monasteri ya Clonmacnoise. Mmoja wa waandishi wake, Máel Muire, aliuawa na wavamizi mwaka 1106 ndani ya monasteri hiyohiyo. Na yule mwandishi wa karne ya 12 aliyenakili Táin katika Kitabu cha Leinster alipomaliza kazi aliongeza maneno kwa Kilatini akijitenga nayo: humu mna mambo ya kishetani, mna ubunifu wa kishairi, na mengine yametungwa kuwafurahisha wajinga. Lakini alikwisha kuyanakili yote, neno kwa neno.

Je, wajua kwamba kilichomwangusha Cú Chulainn kilikuwa chakula? Hapa ndipo penye siri ya visasili vya Ireland, na ndipo fantasia nyingi za leo zinapopungukiwa. Kila shujaa mkubwa alifungwa na miiko yake binafsi, inayoitwa geis. Haikuwa sheria ya wote. Mwiko wako ni wako peke yako, na ukiuvunja umekwisha. Cú Chulainn alikuwa na miwili inayohusu kula. Wa kwanza: asipite mahali panapopikwa bila kuonja. Wa pili: asile nyama ya mbwa, kwa kuwa yeye mwenyewe ni Mbwa. Akiwa njiani kwenda vitani akawakuta vikongwe watatu wenye chongo, wanabanika mbwa kando ya barabara, wakamkaribisha. Akikataa, amevunja mwiko. Akila, amevunja mwiko. Alipokea kwa mkono wa kushoto, na mkono uleule ukaisha nguvu.

Vitani alipojeruhiwa vibaya alijifunga kwenye jiwe refu ili afe amesimama. Adui walimwogopa hivyohivyo, mpaka kunguru alipotua juu yake. Sanamu ya tukio hilo, kazi ya Oliver Sheppard ya mwaka 1911, imewekwa tangu 1935 ndani ya Posta Kuu ya Dublin kuwakumbuka waliopigania uhuru mwaka 1916. Cha ajabu ni kwamba huko Ireland Kaskazini, wale wanaotaka kubaki chini ya Uingereza nao wamemchora ukutani kama mlinzi wao wa Ulster. Shujaa mmoja, pande mbili zilizokuwa zikiuana.

Na katika Final Fantasy XII ya mwaka 2006? Humo Cúchulainn ni dubwana nene lenye sumu, linaloishi kwenye mifereji ya maji machafu chini ya mji. Jina limesafiri, mwenye jina kabaki nyumbani.

Je, wajua kwamba mwalimu wake wa vita alikuwa mwanamke? Scáthach alikuwa na chuo chake ng'ambo ya bahari, na kuna magofu katika kisiwa cha Skye, Uskoti, yanayotajwa kuwa ndiyo ngome yake. Ndiye aliyempa mkuki wa Gáe Bulg, na hakumpa mwanafunzi mwingine. Mwandishi wa Dublin, Michael Scott, alimfufua mwaka 2007 katika The Alchemyst kama msichana mwenye nywele nyekundu, mnyonya damu kwa kuzaliwa lakini hataki hata nyama.

Je, wajua kwamba alama moja usoni imeua watu wawili, mmoja katika kisasili na mmoja katika riwaya? Diarmuid, askari wa kikosi cha Fionn mac Cumhaill, alikuwa na alama usoni ambayo mwanamke akiiona tu anampenda. Gráinne, aliyekuwa aolewe na Fionn mwenyewe, aliiona. Akamfunga Diarmuid kwa mwiko: toroka nami. Miaka baadaye Diarmuid akajeruhiwa na nguruwe mwitu mlimani Benbulben. Fionn alikuwa na uwezo wa kumponya kwa maji ya kunywa kutoka viganja vyake. Akayateka, akayaacha yavuje katikati ya vidole. Akayateka tena, yakavuja tena. Mara ya tatu aliyafikisha, na mgonjwa alikuwa ameshakufa.

Gen Urobuchi alipoandika Fate/Zero, riwaya iliyoanza kutoka mwaka 2006, alimchukua Diarmuid na mikuki yake miwili, mwekundu na wa manjano, kama ilivyo kwenye simulizi. Kisha akampa bwana mpya mwenye mchumba. Msomaji anayejua kisasili anaanza kuguna mapema: mchumba ataiona ile alama, bwana ataona wivu, na utiifu wa Diarmuid hautamwokoa. Ndivyo inavyokwenda. Kati ya kazi zote nilizozitaja humu, hii ndiyo iliyochukua mifupa ya kisasili badala ya ngozi yake.

Je, wajua kwamba Morrígan alimchumbia Cú Chulainn akakataliwa? Ni mungu wa vita na maangamizi, mara mmoja, mara dada watatu, na hupenda umbo la kunguru. Alimjia shujaa akiwa msichana mzuri. Shujaa akasema yuko kazini. Basi Morrígan akamrudia kijitoni katikati ya pambano. Kwanza akaja kama mkunga akamzonga miguuni, akavunjwa mbavu. Akaja kama mbwa mwitu jike, akatobolewa jicho. Akaja kama mtamba mwekundu asiye na pembe akiongoza ng'ombe waliotimka, akavunjwa mguu. Baadaye Cú Chulainn, amechoka na ana kiu, akamkuta bibi kizee anakama ng'ombe mwenye chuchu tatu. Akaomba maziwa. Kwa kila funda alimbariki bibi, na kila baraka ikaponya jeraha moja. Alimponya adui wake kwa adabu ya kushukuru.

Sasa mtazame Morrigan wa Dragon Age: Origins, gemu ya kampuni ya BioWare ya Kanada ya mwaka 2009. Ni mchawi wa porini, anajigeuza wanyama, ana ulimi mkali, na haombi ruhusa kwa mtu. Wamemsoma vizuri. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 1994, Wajapani wa Capcom walikuwa na Morrigan wao katika Darkstalkers, ambaye kunguru wake wamegeuka popo na kazi yake kubwa ni kutamanisha wachezaji.

Na Morgan le Fay, mchawi wa hadithi za Mfalme Arthur? Wengi hudhani ni Morrígan kwa jina lingine. Majina yao hayana asili moja: la Morgan linatoka upande wa Wales na Brittany, nalo lina bahari ndani yake.

Je, wajua kwamba malkia aliyeanzisha vita vya Táin aliuawa kwa jibini? Medb wa Connacht na mumewe Ailill walikuwa kitandani wakilinganisha mali: sufuria kwa sufuria, kondoo kwa kondoo, wakawa sawasawa. Isipokuwa fahali mmoja mweupe, ambaye alizaliwa kwenye kundi la Medb akahamia la Ailill kwa sababu hakutaka kumilikiwa na mwanamke. Medb akatafuta fahali wa kulingana naye, akampata Ulster, akanyimwa, akakusanya jeshi. Ugomvi wa chumbani ukawa vita vya nchi mbili.

Uzee wake aliumalizia kwenye kisiwa cha Lough Ree, akioga kila asubuhi. Furbaide, mtoto wa dada ambaye Medb alimuua, akaja kwa siri akapima kwa kamba umbali kutoka ufukweni hadi pale anapooga. Akaenda kwao akafanya mazoezi ya teo kwa umbali uleule, mpaka akawa anaangusha tunda juu ya mti. Siku ya siku alikuwa anakula. Alipomwona malkia hakusubiri kutafuta jiwe. Akatia kipande cha jibini kikavu kwenye teo, kikampata katikati ya paji la uso.

Mwaka 1977 Ireland ilimtia Medb kwenye noti yake ya pauni moja. Mwaka 2006 Garth Ennis, mzaliwa wa Ireland Kaskazini, na mchoraji Darick Robertson wakaanzisha vibonzo vya The Boys, na ndani yake kuna shujaa mwenye nguvu za ajabu aitwaye Queen Maeve, ambayo ni tahajia ya kisasa ya jina lilelile. Tamthilia ya televisheni ilipoanza mwaka 2019, nafasi hiyo alipewa Dominique McElligott, mwigizaji kutoka Dublin.

Je, wajua kwamba Hellboy II imegeuza kisasili chake nje-ndani? Hapa nenda nami polepole. Kwenye visasili, Nuada ni mfalme wa Tuatha Dé Danann, jamii ya miungu wa Ireland. Alikatwa mkono vitani dhidi ya Fir Bolg, na kwa kuwa mfalme hatakiwi kuwa na kasoro mwilini, akavuliwa ufalme palepale. Tabibu Dian Cecht akamtengenezea mkono wa fedha unaochezesha kila kidole. Kisha mtoto wa tabibu, Miach, akafanya makubwa zaidi: akauotesha mkono wa nyama. Baba kwa wivu akamuua mwanawe. Juu ya kaburi zikaota dawa 365. Dada mtu, Airmed, akazipanga juu ya shuka lake kwa matumizi yake. Baba akaja akazikung'uta zikachanganyika, na ndiyo maana, inasimuliwa, hakuna mtu anayejua kazi za mitishamba yote.

Nuada akarudi kitini, na katika vita vya pili akauawa na Balor, jitu la Fomóire lenye jicho la sumu ambalo ukope wake uliinuliwa na watu wanne.

Guillermo del Toro, mwaka 2008, akamfanya Nuada kuwa mwana wa mfalme wa maelfi (elves), mkuki wake wa fedha mkononi. Baba yake anaitwa Balor, na asiye na mkono ni Balor. Humo mwana ndiye anayemuua baba. Yaani aliyeua ameuawa, aliyekatwa amepona, na maadui wamekuwa familia. Sijui nimshtaki au nimpigie makofi; filamu yenyewe ni nzuri mno.

Je, wajua kwamba J. R. R. Tolkien, ambaye hakupenda vitabu vyake viitwe vya Kikelti, aliwahi kuandika kuhusu Nuada? Mwaka 1932 alichangia maelezo ya kitaaluma katika ripoti ya uchimbaji wa Lydney Park, Uingereza, palipokuwa na hekalu la mungu Nodens. Tolkien alimfuata Nodens mpaka Ireland na kumkuta ni Nuada Mkono-wa-Fedha. Katika kazi zake mwenyewe, fundi aliyefua zile Pete tatu za maelfi anaitwa Celebrimbor, jina lenye maana hiyohiyo ya mkono wa fedha.

Je, wajua kwamba Balor alipata kazi ndani ya Dungeons & Dragons kwa sababu ya malalamiko ya wenye haki za Tolkien? Wachapishaji wa mchezo huo wa mezani walikuwa wakitumia Balrog, jitu la moto la Tolkien, mpaka wenye haki walipolalamika. Jina likafutwa. Katika kitabu cha Monster Manual cha mwaka 1977 likajitokeza Balor, na likabaki. Mabawa na mjeledi wa moto ni wa Tolkien. Jina tu ndilo la Ireland.

Mchezo huohuo una firbolg, majitu wapole wa msituni wanaoongea na miti. Fir Bolg wa kisasili walikuwa watu waliotoroka utumwa Ugiriki, ambako walibebeshwa mifuko ya udongo. Wapole hawakuwa. Ndio waliomkata Nuada mkono.

Na Oghma, bingwa wa nguvu anayesifiwa kwa kubuni maandishi ya ogham, yale ya mistari iliyochongwa kwenye kingo za mawe, ni mungu wa elimu katika ulimwengu wa Forgotten Realms, ule unaochezwa katika Baldur's Gate. Huyu kahama na cheti chake.

Je, wajua kwamba gemu ya mtandaoni ya Korea Kusini, Mabinogi, iliyotoka mwaka 2004, ina jina la Wales na matumbo ya Ireland? Mabinogi ni hadithi za Kiwelisi. Lakini ukiingia unakuta nchi ya Erinn, mji wa Tir Chonaill, na mungu Morrighan anayekutokea ndotoni kuomba msaada.

Je, wajua kwamba Lugh alizuiwa mlangoni kwa kukosa kazi? Alifika Tara, ikulu ya miungu, bawabu akamuuliza anajua nini. Seremala? Tunaye. Mhunzi? Tunaye. Mpiga kinubi, malenga, tabibu, mchawi? Wote tunao. Lugh akauliza: mnaye mmoja anayejua yote hayo? Akafunguliwa. Mchezaji wa gemu anayetaka mhusika wake awe mpiganaji, mganga na mwizi kwa wakati mmoja ana babu yake hapa. Wairishi bado wanauita mwezi wa Agosti Lúnasa, kwa heshima yake.

Je, wajua kwamba Dagda, baba wa miungu, alichekwa kwa kitambi? Maadui walimpikia uji kwenye shimo la ardhini, wakatia maziwa, mbuzi, kondoo na nguruwe, wakamwambia amalize au afe. Akala wote, akakwangua shimo kwa kidole. Rungu lake upande mmoja linaua na upande wa pili linafufua. Watu wa Atlus nchini Japani, katika Shin Megami Tensei IV Apocalypse ya mwaka 2016, wamebaki na ule ufufuo: Dagda anamrudishia uhai kijana aliyeuawa, kwa masharti. Uji wameuacha, na kwa maoni yangu wamepoteza.

Je, wajua kwamba dullahan, mpanda farasi asiye na kichwa, sasa anaendesha pikipiki Tokyo? Vijijini Ireland alibeba kichwa chake mkononi, mjeledi wake ni uti wa mgongo wa binadamu, na akisimama mlangoni kwako akataja jina lako, umekufa. Kinachomtisha ni dhahabu, hata kipande kidogo. Ryohgo Narita alimpeleka mtaa wa Ikebukuro katika Durarara!!, riwaya zilizoanza mwaka 2004. Anaitwa Celty Sturluson, ametoka Ireland kutafuta kichwa kilichoibwa, na pikipiki yake nyeusi hulia kama farasi kwa kuwa ndani yake kuna farasi. Kwa kuwa hana mdomo, anaandika ujumbe kwenye kifaa cha mkononi. Ubini wake ni uleule wa Snorri Sturluson, mwandishi wa Aislandi wa enzi za kati.

Je, wajua kwamba Banshee wa X-Men, aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1967, ni mwanamume? Bean sí wa Ireland ni mwanamke daima. Tena hapigani na mtu. Analia tu usiku, kuitangazia familia msiba unaokuja.

Je, wajua kwamba lepricon wa kwanza kuandikwa hakuwa na chungu cha dhahabu wala kofia ya kijani? Katika hadithi ya mfalme Fergus mac Léti, yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000, vijitu vinamkuta amelala na kumburuta baharini. Baridi ya maji ikamwamsha, akakamata vitatu. Fidia? Wakampa uwezo wa kuogelea chini ya maji popote, isipokuwa ziwa moja la nchi yake. Bila shaka alikwenda hukohuko. Akakutana na dubwana, na kwa hofu uso wake ukapinda ukabaki hivyo.

Mfalme mwenye kasoro hatawali, lakini wazee walimpenda. Wakaamua asiambiwe. Wakaondoa wapumbavu wote ikulu wasije wakaropoka, wakamwosha kichwa akiwa amelazwa chali asijione kwenye maji, na hali hiyo ikaendelea miaka 7. Siku moja akamchapa mjakazi aliyechelewa kumwosha, mjakazi akamtolea ukweli. Akamuua mjakazi, akarudi ziwani, akapigana mchana na usiku, akatoka na kichwa cha dubwana na kuanguka amekufa. Kashfa ya kuficha ugonjwa wa mtawala, basi, si uvumbuzi wa karne hii.

Kutoka hapo mpaka Artemis Fowl ya Eoin Colfer ya mwaka 2001, ambamo viumbe hao ni polisi wa chini ya ardhi wenye bunduki na mabawa ya kuvaa, ni mwendo mrefu. Colfer, aliyekuwa mwalimu, anatoka Wexford. Ukimsoma unaona anajua anachokitania. Kwa J. K. Rowling, mwaka 2000, walikuwa kikundi cha shangwe cha timu ya Ireland kwenye Kombe la Dunia la Quidditch, wakimwaga dhahabu inayoyeyuka baada ya muda.

Je, wajua kwamba Mad Sweeney wa American Gods, riwaya ya mwaka 2001, amepewa jina la mfalme aliyerukwa na akili? Suibhne alilaaniwa na mtakatifu Rónán, akapagawa kwenye vita vya Mag Rath vya mwaka 637, akaishi juu ya miti kama ndege, akitunga mashairi ya baridi na njaa. Na mtu wa kwanza kumtia Sweeney ndani ya riwaya ya kisasa pamoja na Fionn na púca, wote chini ya paa moja wakimsumbua mtunzi wao, alikuwa Flann O'Brien, mwaka 1939.

Púca, kama hujakutana naye, ni kiumbe mgeuka-umbo mwenye masihara. Yule sungura mrefu kuliko mtu katika tamthilia ya Harvey, iliyompa Mary Chase tuzo ya Pulitzer mwaka 1945, ni púca. Sungura wa Pasaka katika vitabu vya William Joyce, vilivyozaa filamu ya Rise of the Guardians ya mwaka 2012, naye ni púca.

Je, wajua kwamba mwandishi wa Polandi, Andrzej Sapkowski, aliwaita maelfi wa The Witcher Aen Seidhe, mwangwi wa aes sídhe, watu wa vilimani wa Ireland? Sikukuu zao ni Belleteyn na Saovine, na visiwa vya Skellige vina jina la miamba ya Skellig, pwani ya Kerry. Miamba hiyohiyo ndiko kulikopigwa picha za maficho ya Luke Skywalker wa filamu za Star Wars.

Je, wajua kwamba Wairishi wenyewe hawakukaa kutazama? Studio ya Cartoon Saloon ya mji wa Kilkenny, iliyoanzishwa mwaka 1999, imetoa katuni tatu za visasili: The Secret of Kells, Song of the Sea na Wolfwalkers. Zote tatu ziliteuliwa kuwania Oscar. Katika Song of the Sea ya mwaka 2014, Macha ni bibi bundi anayewanyang'anya watu huzuni na kuifungia kwenye chupa, na kila aliyenyang'anywa anageuka jiwe. Anaanza kwa kumhurumia mwanawe. Wolfwalkers ya mwaka 2020 imetoka kwenye habari za mbwa mwitu-watu wa Ossory, ambao Gerald wa Wales aliandika habari zao katika karne ya 12: kasisi akiwa njiani usiku anafuatwa na mbwa mwitu, naye mbwa mwitu anamwomba kwa adabu akampe mwenzake wa kike anayekufa sakramenti ya mwisho.

Na je, wajua kwamba Finn Bálor, mwanamieleka wa WWE kutoka Bray, amejiita kwa majina ya Fionn mac Cumhaill na lile jitu la jicho la sumu kwa pamoja? Tarehe 21 Agosti 2016, mjini New York, alimshinda Seth Rollins na kuwa bingwa wa kwanza wa mkanda wa Universal. Katikati ya pambano aliumia bega. Kesho yake akapanda ulingoni mkono umefungwa, akaurudisha mkanda, kama Nuada.